Seva Ikiishiwa Kumbukumbu, Msimamizi Aingie Vipi?

Programu moja ikianza kumeza kumbukumbu (RAM) bila kikomo, dawa yake inajulikana: ingia kwenye seva, itafute, iue. Lakini kuingia kwenyewe kunahitaji kumbukumbu. Lazima sshd (programu inayopokea wanaoingia kwa mbali) izae mchakato mpya, bash (programu inayopokea amri) ifunguke, kisha top (inayoonyesha michakato inayoendelea) ipate pa kukaa. Kumbukumbu ikiwa imekwisha, msimamizi anabaki nje kama mtu mwingine yeyote, na mara nyingi anaishia kuzima mashine kwa kitufe huku kazi za watu hazijahifadhiwa.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina akiba kwa dharura hiyo. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2013, kiasi chake hupangwa kwa kigezo vm.admin_reserve_kbytes. Zamani ilikuwa asilimia 3 isiyobadilika, na kwenye mashine kubwa hiyo ni kumbukumbu nyingi mno kukaa bure. Sasa kiwango cha kuanzia ni asilimia 3 ya kumbukumbu iliyo huru au megabaiti 8, ile iliyo ndogo. Kwa seva nyingi basi ni megabaiti 8.

Akiba hii si chumba kilichofungwa. Ni hesabu: programu isiyo na mamlaka ya usimamizi ikiomba kumbukumbu, kerneli huitoa akiba kwenye kikomo kwanza ndipo iamue, yenye mamlaka haikatwi. Kwenye kerneli za sasa hesabu hiyo hufanya kazi pale vm.overcommit_memory ilipowekwa 2, yaani kerneli inapokataa kuahidi kupita uwezo wake. Hapo huhesabiwa kilichoombwa, si kilichotumika, kwa hiyo megabaiti 8 hazifiki popote.

Pima mwenyewe mashine ikiwa tulivu:

ps -o vsz,rss,comm -C sshd,bash,top

(Fungua top kwenye dirisha jingine kwanza, la sivyo haitaonekana.) Chukua VSZ (kumbukumbu yote ambayo programu imejitengea) iliyo kubwa kuliko zote, ongeza jumla ya RSS (kumbukumbu inayoikalia kweli) za programu hizo tatu. Kwa mashine za x86_64 (zenye prosesa za biti 64 za aina ya Intel na AMD), nyaraka za kerneli zinakadiria megabaiti 128, yaani 131072 kwa kigezo hiki. Kubadilisha kwa sysctl, amri ya kupanga vigezo vya kerneli, kunashika papo hapo, ila usipoandika pia kwenye /etc/sysctl.d, mashine ikiwashwa upya kiwango cha zamani kinarudi.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Akiba humfaa mchakato wenye mamlaka. Ukizoea kuingia kwa akaunti ya kawaida halafu kuomba mamlaka kwa amri ya sudo, bash yako ya mwanzo haina haki hiyo na inaweza kukataliwa kabla hujafika kwenye sudo. Kwa maoni yangu, acha njia moja ya root (akaunti ya msimamizi mkuu) kuingia moja kwa moja, angalau kwenye konsoli.

Na kama tayari una bash iliyofunguka lakini kila amri inajibu "fork: Cannot allocate memory", usiifunge! echo, read na kill zimo ndani ya bash yenyewe, hazizai mchakato. Andika echo /proc/[0-9]* upate namba za michakato. Kisha, kwa mchakato 4121 kwa mfano:

read a b c < /proc/4121/statm; echo $b

Jibu ni idadi ya kurasa za kumbukumbu ambazo mchakato huo umezikalia. Ukimpata mlafi, kill -9 na namba yake.