Je, wajua? Katiba ya Marekani haitaji chama chochote cha siasa

Isome Katiba ya Marekani kuanzia ibara ya kwanza, pamoja na marekebisho yake yote 27. Utakuta Bunge, rais, mahakama na majimbo, lakini chama cha siasa hutakiona popote. Hata hivyo, tangu Millard Fillmore wa chama cha Whig aondoke Ikulu mwaka 1853, kila rais aliyechaguliwa ametoka ama Democratic ama Republican. Ilikuwaje nchi ambayo waasisi wake hawakutaka vyama ikaishia mikononi mwa viwili tu?

Walioandika Katiba ile Philadelphia mwaka 1787 hawakupitiwa. Waliona vyama ni hatari. James Madison aliandika mwaka huohuo kwamba makundi hayaepukiki, kwa sababu watu wanatofautiana mali na maslahi, na kwamba cha kufanya ni kuzuia kundi moja lisiwameze wengine. George Washington naye, katika waraka wake wa kuaga wa mwaka 1796, aliwaonya wananchi juu ya moyo wa uchama.

Wakati anaonya, mgawanyiko ulikuwa umeshaanzia mezani kwake. Waziri wake wa Fedha, Alexander Hamilton, alitaka serikali kuu yenye nguvu, benki ya taifa, biashara na viwanda. Waziri wake wa Mambo ya Nje, Thomas Jefferson, aliamini kuwa uhai wa jamhuri uko kwa wakulima na kwenye majimbo. Kila mmoja akawa na wafuasi wake na magazeti ya kumtetea. Wa Hamilton wakaitwa Federalist, wa Jefferson wakajiita Republican, ingawa hao si Republican wa leo.

Katiba haikuwa imejiandaa kwa hali hiyo. Kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu anayemchagua rais kwa niaba ya jimbo lake, alipiga kura mbili za urais bila kutenganisha nafasi: wa kwanza anakuwa rais, wa pili makamu wake. Mwaka 1796 John Adams wa Federalist alipata 71 na mpinzani wake Jefferson akapata 68, hivyo mahasimu wawili wakalazimika kuongoza pamoja. Mwaka 1800 mambo yakawa magumu zaidi. Wajumbe wa upande wa Jefferson walifuata msimamo wa chama bila hata mmoja kuchepuka, na matokeo yake Jefferson na mgombea mwenzake wa umakamu, Aaron Burr, wakafungana, kura 73 kwa 73.

Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, ambako kila jimbo kati ya 16 lilikuwa na kura moja, na mshindi alihitaji majimbo 9. Upigaji kura ulianza tarehe 11 Februari 1801. Jefferson akapata 8, Burr 6, na majimbo mawili wabunge wake wakagawanyika sawa kwa sawa. Mojawapo lilikuwa Maryland. Mbunge wake Joseph Nicholson alikuwa mgonjwa mahututi, lakini asingefika, kura ya Maryland ingeangukia kwa Burr. Basi akabebwa katikati ya theluji hadi bungeni, akalazwa kwenye chumba jirani na ukumbi, mke wake akimuuguza. Kila duru, sanduku la kura lilipelekwa pale alipolala. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namwona mtu yule kitandani, homa imempanda, akiandika jina la Jefferson kwa mara nyingine. Ilifika duru ya 36, tarehe 17 Februari, ndipo baadhi ya Federalist wakalegeza msimamo na Jefferson akashinda kwa majimbo 10.

Mwaka 1804 yakapitishwa Marekebisho ya 12: kura ya rais na ya makamu zitenganishwe. Vyama havikutajwa kwa jina, lakini kuanzia hapo Katiba ilikuwa imewapisha wagombea wawili wa chama kimoja wasimame pamoja.

Kwa nini basi viwili, na si vitano au sita? Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu kura. Majimbo 48 kati ya 50 humpa anayeongoza wajumbe wote wa uchaguzi wa jimbo, hata akiongoza kwa kura moja. Anayeshika nafasi ya pili hapati kitu. Mwaka 1992 Ross Perot, mgombea binafsi, alipigiwa karibu kura 19 katika kila 100 nchi nzima, lakini hakupata mjumbe hata mmoja. Mwaka 1912 rais wa zamani Theodore Roosevelt alijitenga na Republican, akapambana na rafiki yake wa zamani, Rais William Taft. Kura za Republican zikagawanyika, na Woodrow Wilson wa Democratic akachukua wajumbe 435 akiwa na takriban asilimia 42 tu ya kura. Wapiga kura huliona hilo. Wanaogopa kupoteza kura, wanarudi kwa wakubwa wawili.

Hiyo haina maana kwamba wakubwa hao hawafi. Whig walisambaratika kwa sababu ya utumwa. Sheria ya mwaka 1854 iliyofungua mlango wa utumwa katika Kansas na Nebraska iliwakusanya wapinzani wake kwenye chama kipya, Republican, na miaka sita baadaye Abraham Lincoln akachaguliwa kuwa rais. Viti viliendelea kuwa viwili, waliovikalia ndio waliobadilika.

Nguvu ya vyama juu ya mpiga kura pia imepungua. Zamani karatasi za kura zilichapishwa na vyama vyenyewe. Mtu alipewa karatasi ya chama chake na kuitumbukiza sandukuni watu wote wakimwona. Massachusetts ilipitisha sheria ya kura ya siri iliyochapishwa na serikali mwaka 1888. Wagombea nao walipangwa na wakubwa wa chama hadi mwaka 1968, Hubert Humphrey alipoteuliwa na Democratic bila kushiriki kura za mchujo. Ghadhabu iliyofuata ilibadili kanuni, na tangu 1972 kwa kawaida wananchi ndio huamua kwa mchujo.

Njia ya kuhesabu nayo imeanza kuguswa. Huko Maine mpiga kura huwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka 2018, katika wilaya ya pili ya uchaguzi wa Bunge ya jimbo hilo, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza bila kufikisha nusu. Wagombea wawili binafsi wakaondolewa, kura zao zikapelekwa kwa chaguo lililofuata la kila mpiga kura, na Jared Golden wa Democratic ndiye akaenda bungeni.