Kura ya mjini Kanada: dhana potofu tunazobeba hadi kituoni

Usiku wa Juni 24, 2024, kura za jimbo la Toronto—St. Paul's zilihesabiwa karibu hadi alfajiri. Karatasi ya kura ilikuwa na majina 84 na urefu unaokaribia mita moja. Ilibidi uikunje na kuikunja tena ndipo ipite kwenye mdomo wa sanduku. Kulipokucha, Don Stewart wa chama cha Conservative alikuwa amembwaga Leslie Church wa Liberal kwa kura zisizofika 700.

Tangu siku ile jimbo hili halikosi kutajwa tunapokutana Waswahili wa huku, na mengi yanayosemwa siyo. Nikisema jimbo, nina maana ya jimbo la uchaguzi, lenye mbunge mmoja. Ontario ni mkoa. Ukichanganya hayo mawili, hata habari za redioni hutazielewa.

Linalosikika zaidi ni hili: "Mimi nampigia Carney," au "mimi nampigia Poilievre." Huwezi, labda uwe unaishi kwenye jimbo analogombea. Kenya unapewa karatasi ya rais, ya gavana, ya mbunge na nyingine. Tanzania vilevile unamchagua rais kwa karatasi yake. Kwenye uchaguzi wa shirikisho Kanada karatasi ni moja tu, ya mbunge wa jimbo lako. Waziri mkuu ni yule ambaye wabunge walio wengi wako tayari kumuunga mkono. Mark Carney aliapishwa kuwa waziri mkuu Machi 14, 2025 akiwa hana kiti bungeni, akakipata Nepean, Ottawa, Aprili 28. Siku hiyohiyo Pierre Poilievre, kiongozi wa Conservative, alishindwa kwenye jimbo lake la Carleton, na hakurudi bungeni hadi aliposhinda uchaguzi mdogo huko Alberta mwezi Agosti.

Wengine husubiri ile asilimia hamsini na kura moja zaidi anayotakiwa kuipata rais wa Kenya. Hapa haipo, wala hakuna duru ya pili. Stewart alishinda kwa takriban asilimia 42. Mwaka 2021 Conservative walipata kura nyingi kuliko Liberal nchi nzima, lakini wakaambulia viti 119 dhidi ya 160, kwa sababu kura zinazozidi kwenye jimbo moja haziwezi kuhamishiwa jingine.

Kisha kuna neno "ngome", na hili ndilo linaloniuma, maana ndilo linalowalaza watu nyumbani. St. Paul's ilikuwa mikononi mwa Liberal tangu 1993. Carolyn Bennett, daktari wa familia, aliishika kuanzia 1997 hadi alipojiuzulu mwanzoni mwa 2024. Hata mwaka 2011, chama kilipoporomoka hadi viti 34 nchi nzima, St. Paul's haikutikisika. Ukimwambia mtu wa mtaa ule kwamba itaanguka, angekuona umechanganyikiwa. Ikaanguka, kwenye uchaguzi mdogo ambao zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakujitokeza. Miezi mitatu baadaye Liberal wakapoteza LaSalle—Émard—Verdun, jijini Montréal, kwa kura 248, na Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, akazidi kubanwa hadi Januari 6, 2025 alipotangaza kwamba anaondoka. Mwezi Aprili, Leslie Church akagombea tena St. Paul's na safari hii akashinda. Na kule Terrebonne, nje kidogo ya Montréal, kura zilipohesabiwa upya mbele ya jaji, tofauti ilikuwa kura moja. Moja! Aliyebaki nyumbani siku ile akisema yake haina uzito, sijui amelalaje tangu hapo.

Nimesikia pia kwamba yale majina 84 yalikuwa uchakachuaji wa tume. Hapana. Wengi wao walisimamishwa na kundi linalopinga mfumo huu wa kura, likijaza karatasi makusudi ili lisikike. Sheria haikuwazuia: ada ya dhamana ilishaondolewa, na mgombea wa mjini anatakiwa kuleta saini 100 tu za wapiga kura. Kura zenyewe huwekwa alama kwa mkono na huhesabiwa kwa mkono, mawakala wa wagombea wakiangalia.

Mwenye ukazi wa kudumu hapigi kura, hata akiwa amelipa kodi miaka kumi. Ni lazima uwe raia, na uwe umetimiza miaka 18. Hapa hakuna mjadala, na kujaribu ni kosa la jinai.

Lakini aliye raia asikubali kuambiwa kwamba bila ile kadi ya tume inayoletwa kwa posta amekosa. Kadi ile inakuarifu tu kituo chako kilipo. Unaweza kujiandikisha palepale kituoni siku ya kura, ukiwa na leseni ya udereva, au vitambulisho viwili, kimoja kikiwa na anwani yako. Mwajiri naye anapaswa kukuachia saa tatu mfululizo za kupiga kura vituo vikiwa wazi. Na bibi aliyehamia juzi kwa mwanawe, ambaye hana hata bili moja yenye jina lake? Jirani wa kituo hichohicho anayemfahamu anaruhusiwa kumdhamini kwa tamko la maandishi. Ila jirani mmoja hudhamini mtu mmoja tu, kwa hiyo babu atafutiwe jirani mwingine mapema.