Kikomo cha Ulaya hakifiki Bagamoyo
Baadhi ya wenye nyumba za wageni Bagamoyo huamini kwamba mgeni kutoka Ujerumani akilipa kwa kadi, makato hayazidi asilimia 0.3, kwa kuwa Ulaya imeweka kikomo. Sivyo, na kuamini hivyo kunawaumiza.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015 iliweka asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, pale tu benki ya mlipaji na ya muuzaji zote zipo huko. Tena inagusa fungu moja la makato: linalokwenda kwa benki iliyotoa kadi. Mtandao wa kadi na benki yenye mashine nao huchukua chao. Kabla ya kupanga bei ya vyumba, idai benki yako mchanganuo wa maandishi, kadi za ndani mbali, za nje mbali.