Picha Nyeusi kwenye ImageJ: Je, Ni RAM Kweli?

Mtu akifungua picha za hadubini kwa ImageJ, programu ya kutazama na kupima picha, zikatoka nyeusi tii, hukumu hutolewa papo hapo: "RAM haitoshi." Mara nyingine ni kweli. Ila RAM husingiziwa mengi, na kabla ya kununua nyingine inafaa kujua ni kumbukumbu ipi hasa iliyojaa, kama ipo.

Dhana: Picha ikiwa nyeusi, haikupakiwa yote.

Peleka kishale juu ya huo weusi, kisha tazama namba kwenye upau wa hali (status bar). Ukisoma 1850 hapa, 1912 pale, 640 pembeni, basi picha imeingia. Tatizo ni namna inavyoonyeshwa. Kamera nyingi za hadubini hutoa biti 12, yaani namba kuanzia 0 hadi 4,095, ila faili huhifadhiwa kwa biti 16, ambazo hufika 65,535. Nyeupe ya skrini ikipangwa kwenye 65,535, hata sehemu yako inayong'aa kuliko zote haifiki asilimia 7 ya mwanga. Na pikseli moja tu mbovu yenye thamani ya juu kabisa inatosha kuvuta mpangilio wote ukae huko. Fungua Image, Adjust, Brightness/Contrast, ubonyeze Auto. Hapo umebadili mwonekano tu. Apply usiiguse, maana hiyo huweza kubadili namba zenyewe, na hizo ndizo utakazopima kesho.

Dhana: Faili la GB 1 linahitaji RAM ya GB 1.

Faili likiwa limebanwa, ukubwa wake kwenye diski haukuambii kitu. Piga hesabu ya pikseli. Picha ya 2,048 kwa 2,048 ya biti 16 hula MB 8. Chukua matabaka 500 yenye chaneli (rangi) mbili: hizo ni picha 1,000, karibu GB 8. Ukiigeuza iwe biti 32, imekuwa GB 16. Ukifanya Duplicate ili ujaribu kichujio, zidisha tena kwa mbili. Watu wengi hukwama hapa, si kwenye kufungua.

Dhana: Kompyuta ina GB 32, kwa hiyo programu inazo GB 32.

ImageJ na Fiji (ImageJ iliyofungashwa pamoja na viongezi) huendeshwa na Java, jukwaa la kuendeshea programu, na Java hupewa fungu lake inapowashwa. Fungu likiisha, utaambiwa kumbukumbu imekwisha hata kama nusu ya RAM imelala bure. Nenda Edit, Options, Memory & Threads, uongeze, kisha uzime programu na kuiwasha upya. Usivuke robo tatu ya RAM yote. Ukiipa yote, mfumo wa kompyuta utaanza kuhamishia mambo yake kwenye diski, na hapo hata kishale kitasogea kwa kuvutwa. Na kama Java yako ni ile ya zamani ya biti 32, haivuki GB 2 au pungufu hata ufanyeje.

Dhana: Nimefunga picha zote ila Task Manager bado inasoma GB 10, basi kumbukumbu inavuja.

Java ikishachukua nafasi haina haraka ya kuirudisha. Bonyeza upau wa hali wa ImageJ: itafagia takataka, yaani data isiyotumika tena, kisha itakuandikia kitu kama "412MB of 12151MB (3%)". Hiyo ndiyo namba ya kuamini.

Dhana: Mwonekano wa 3D una ukungu, kwa hiyo data imeharibika.

Huko kazi ni ya kadi ya grafiki, yenye kumbukumbu yake na kikomo chake cha pikseli kwa kila upande; kwenye kadi nyingi kikomo hicho kwa 3D ni 2,048. Programu kama napari, ikiona umevuka, hupunguza ubora wa kile inachochora. Data yako iko salama. Kata eneo unalolihitaji, ulichore hilo peke yake.

Dhana: Virtual stack ni tiba ya kila kitu.

Ni msaada mkubwa kweli, kwa sababu husoma tabaka moja moja kutoka kwenye diski badala ya kupakia picha zote kwenye RAM. Lakini jaribu kufuta doa kwenye tabaka la 40, nenda la 41, kisha rudi: doa lako liko palepale. Mabadiliko hayakuhifadhiwa popote, na hakuna onyo lililotokea.