Motoka hushuka kwa miguu ya mbele

Harufu ilinifikia kabla sijamwona shemeji. Nilikuwa nimeshafika chini ya mteremko, nimezima injini, nasubiri pikapu yake iliyokuwa ikinifuata kutoka juu ya Kundelungu. Upepo ukaniletea ile harufu ambayo kila mekanisie anaijua, kama mpini wa sufuria ulioachwa juu ya makala, yaani mkaa wa moto. Breki zinaungua. Kisha pikapu ikatokea kwenye kona imekaa upande, nyuma inataka kuipita mbele, moshi mweupe unatoka magurudumuni. Shemeji akaiegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, ikakwaruza, ikasimama. Akatoka bila kufunga mlango.

"Freni hakuna tena, shemeji. Nakanyaga, inaenda mpaka chini."

Sikumjibu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, nikachuchumaa, nikatazama kile kifundo cha katikati kinachogeuzwa kwa mkono ili gurudumu lishikane na ekseli. Kilikuwa wazi. Nikazunguka upande wa pili: wazi vilevile. Kosa ni lake, lakini na mimi nina langu, maana kule juu nilimuuliza tu, "Umeweka?" Akanijibu, "Nimeweka." Yeye alimaanisha mkono mdogo ulio kando ya kiti, ule wa kuingiza magurudumu yote manne na mwendo mzito.

Natengeneza motoka Katuba, hapa Lubumbashi, na kila kiangazi napeleka watu Kundelungu kulala kwenye mahema na kutazama maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970, kwa hiyo ruhusa tunaitafuta ICCN, shirika la serikali la Kongo linalosimamia hifadhi, kabla ya kutoka mjini. Wateja wangu karibu wote huniuliza kuhusu kupanda. Motoka yangu ina nguvu? Pine zangu, yaani matairi, zitashika? Sijawahi kuulizwa kuhusu kushuka, na gereji yangu inakula kwa sababu hiyo.

Ukipanda, uzito unalalia nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ukishuka, uzito wote unahamia mbele. Nyuma inakuwa nyepesi kama mkia wa mbuzi. Sasa, katika pikapu za zamani zenye vile vifundo, mkono mdogo unapeleka nguvu mbele mpaka kwenye ekseli, lakini kifundo kikiwa wazi gurudumu halijui habari hiyo, linajizungukia tu. Maana yake injini inashikilia motoka kwa magurudumu ya nyuma peke yake, yale yale yasiyo na uzito. Juu ya changarawe yanateleza, mkia unaanza kwenda pembeni. Shemeji alipouhisi akaogopa, akakanyaga ambreyaji (klachi), na hapo akaikata injini kabisa. Kilichobaki ni breki, mpaka chini.

Nipige hesabu kidogo, maana watu hudhani nawatisha. Chukua motoka ya tani 3 pamoja na mizigo, ishushe mita 400 za wima kwa breki tupu. Joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita 35 za maji kutoka baridi ya kawaida. Fikiria sufuria kubwa la msibani, lile la kupikia bukari (ugali) ya watu wote, na moto wake umewekwa ndani ya magurudumu manne. Mafuta mapya ya breki ya aina ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, na ya DOT 3 chini ya 205. Lakini mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakishakunywa, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155 kwa DOT 4 na 140 kwa DOT 3. Kwenye chupa kuukuu ya pikapu inayobeba mahindi masika yote, huko ndiko uliko. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiusukuma unakunjika tu, ndiyo maana pedali inakwenda mpaka sakafuni.

Kwa hiyo mteremko unaamuliwa juu, kabla ya kuanza. Simamisha motoka. Shuka, geuza vifundo vyote viwili kwa mkono wako mwenyewe, usitume mtoto. Weka mkono mdogo. Katika Land Cruiser za familia ya 70 unaipunguza mwendo karibu mara mbili na nusu. Weka vitesi (gia) ya kwanza, sogea mita mbili tatu mahali pa tambarare usikie kama mbele inavuta, kisha toa mguu kwenye ambreyaji na uusahau. Katikati ya mteremko hakuna kubadili vitesi. Elekea chini moja kwa moja, hata kama pembeni panaonekana pa upole, kwa sababu motoka iliyokaa kimshazari juu ya mteremko huhitaji jiwe moja tu chini ya pine la juu ili ilale.

Mkia ukianza kuteleza, kanyaga mafuta kidogo. Najua, moyo unakataa. Lakini magurudumu yaliyoteleza yanazunguka polepole kuliko ardhi inavyopita chini yake. Ukiyaongezea mwendo kidogo yanashika tena, unanyooka, kisha unaachia. Nimewafundisha watu wazima jambo hili kwenye kilima kifupi nje ya mji, na wengine walifumba macho.

Kupanda nako kuna balaa lake moja ninalotaka ulijue: injini kuzimika katikati. Usigeuze. Kanyaga breki, weka vitesi ya kurudi nyuma ungali kwenye mkono mdogo, achia ambreyaji yote, kisha, kwa hizi dizeli za zamani zisizodai ambreyaji ikanyagwe, washa ufunguo ikiwa ndani ya vitesi huku ukiilegeza breki. Itaruka kidogo, itawaka, itakurudisha chini taratibu kama mzee anayeshuka ngazi.

Kuhusu pine sina maneno mengi. Barabarani ninatembea na baa 2.4, tukianza mawe nashuka hadi 1.6, tukirudi barabarani najaza. Asiye na pampu asitoe upepo.

Mizigo ndiyo hunigombanisha na watu. Pikapu ya shemeji ilikuwa na kibebeo kipya juu ya paa, na juu yake madumu matatu ya maji ya lita 20, mfuko wa makala, na kreti mbili za Simba. Nilishusha maji na bia Lubumbashi, tukakubaliana. Bia alizirudisha juu nisipoangalia. Juu ya paa ni mahema, magodoro, vitu ambavyo vikidondoka utacheka. Maji na mafuta hukaa chini, katikati ya ekseli mbili, yamefungwa kwa kamba na siyo kwa imani.

Usiku uliotangulia tulilala kule juu, na hapo pia alitaka kunibishia. Uwanda wa Kundelungu unafika karibu mita 1,700, Lubumbashi tuko kama 1,200, na Juni na Julai baridi yake si ya mzaha. Yeye aliona dembo, bonde pana la majani, tambarare, zuri kama uwanja wa mpira, akaanza kushusha hema. Nikamkatalia. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kujaa humo humo kwenye dembo. Panda hatua hamsini kando, kwenye miti, na unalala vizuri zaidi. Asubuhi tulitembea mpaka dembo lile: majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, yanavunjika chini ya viatu. Dada yangu alichukua kidogo kiganjani akamwonyesha mumewe bila kusema neno.

Jambo la moto nalisema haraka lakini ulishike. Mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, majani yote yale yamekauka. Ukiyapita kwa motoka yanajisokota chini, yanajikusanya juu ya bomba la moshi, na bomba ni la moto. Kila nusu saa nasimama, nalala chini, nayatoa kwa waya. Nguo zinachafuka. Motoka yangu haijawahi kuungua.

Basi, turudi kwenye mteremko. Shemeji alikuwa ameshashika dumu, anataka kumwagia magurudumu maji. Nilimzuia kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe. Chuma chenye joto lile ukikimwagia maji ya baridi kinajipinda au kupasuka. Tuliweka mawe nyuma na mbele ya pine, tukakaa kivulini. Dada akawasha makala, akasonga bukari, tukala na ndakala, wale samaki wadogo. Baada ya kama saa mbili nilikanyaga pedali: imerudi, ngumu, kama hakuna kilichotokea. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, na mtu anadhani motoka imepona. Nilifungua vali ndogo ya gurudumu la nyuma, mafuta yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyolala. Nilikuwa na chupa moja mpya kwenye sanduku langu. Ilitosha, kwa shida.

Mbele yetu palikuwa bado na mteremko mmoja, mfupi. Shemeji alipiga magoti kwenye vumbi, akageuza kifundo cha kushoto, akazunguka akageuza cha kulia, kisha akarudi tena kushoto kuhakikisha. Dada yangu alimtazama mpaka akamaliza. Halafu akachukua kikapu chake na mto wake, akapanda kwenye motoka yangu.