Ukoo Uitwe Kabla ya Uamuzi, Si Baada Yake

Usalama wa mtoto unapotiliwa shaka nyumbani kwao, mara nyingi afisa ustawi wa jamii na hakimu huamua apelekwe wapi, kisha shangazi, mjomba na bibi huitwa. Huitwa kuarifiwa tu, nao hulijua hilo tangu wanapoketi.

New Zealand iliubadili utaratibu huo kwa sheria ya mwaka 1989, baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kulalamika kwa miaka mingi kwamba watoto wao waliondolewa katika koo zao. Sheria hiyo ilianzisha kikao cha familia. Wataalamu hueleza wanachokijua kuhusu hali ya mtoto, kisha hutoka nje, isipokuwa familia yenyewe ikiwaomba wabaki. Ndugu hujadiliana peke yao, halafu huwasilisha mpango wao.

Kule kutoka nje ndiko kunakotushinda wengi wetu. Tunahofia wataelewana vibaya, au mwenye sauti kubwa atawazima wengine. Hofu hiyo ina msingi, lakini ni vigumu watu kuanika ya ndani mbele ya mgeni aliyeshika faili. Wakiachwa, ndipo deni la baba linapotajwa, au ulevi ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeusema.

Kuwaacha hakumaanishi kumtelekeza mtoto. Mratibu wa kikao anaweza kumzuia ndugu ambaye kuwepo kwake kunamhatarisha mtoto, na mpango usiomlinda hukataliwa. Mtoto naye asikilizwe, kama Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinavyotaka. Akiogopa kusema mbele ya wakubwa, apewe mtu wa kumsemea.

Kazi kubwa iko kabla ya kikao. Mratibu awatafute ndugu mmoja mmoja, hasa wa upande wa baba, ambao husahaulika kabisa baba akiwa hayupo. Ugomvi wa zamani ujulikane mapema, usije ukaliteka jambo la mtoto.

“Tutasaidiana” si mpango. Iandikwe mtoto atalala kwa nani, nani atampeleka shule, wazazi watamwona lini na chini ya uangalizi wa nani, na kikao cha kukagua utekelezaji kitakuwa tarehe gani. Serikali nayo iandike sehemu yake. Baadhi ya ofisi huupenda ukoo kwa sababu tu ni nafuu kuliko makao ya watoto: bibi hukabidhiwa wajukuu watatu, faili likafungwa. Bibi huyo anahitaji fedha, siku za kupumzika, na afisa atakayepokea simu yake mambo yakiharibika.