Mauaji ya kimbari: kuingilia kati hakuanzi na jeshi

Kila inapokaribia tarehe 9 Disemba, siku ya kimataifa ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari, swali ni lile lile Unguja na Pemba: mbona Umoja wa Mataifa haupeleki jeshi? Uchungu ulio ndani ya swali hilo tunauelewa. Lakini limejengwa juu ya makosa mawili, na tumeshayasahihisha mara nyingi.

La kwanza ni kudhani kwamba kuingilia kati ni askari tu. Mkataba wa 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984, unazifunga nchi wanachama kuzuia na kuadhibu. Kifungu cha 8 kinairuhusu nchi kulipeleka suala Umoja wa Mataifa; cha 9 kinaipa njia ya kuishitaki nchi nyengine katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Gambia, nchi ndogo iliyo mbali kabisa na Myanmar, iliishitaki Myanmar Novemba 2019 kwa ajili ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, na tarehe 23 Januari 2020 mahakama ikaamuru walindwe. Mahakama hiyo huhukumu nchi. Watu huhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, nayo pia iko The Hague; tafadhali tusizichanganye.

Jeshi lina utaratibu wake. Azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linahitaji kura 9 kati ya 15, na akipinga mmoja tu kati ya Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, limekwama. Umoja wa Afrika nao, kwa kifungu cha 4(h) cha sheria iliyouanzisha, unaweza kuingia katika nchi mwanachama pakitokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu, wakuu wa nchi wakishaamua.

Kosa la pili ni baya zaidi: kusubiri mahakama itamke kwanza kwamba ni mauaji ya kimbari. Katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, mwaka 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kuwa wajibu wa kuzuia huanza pale nchi inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba ipo hatari kubwa. Hatari, si maiti. Rwanda mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Tarehe 21, watu wakiendelea kuchinjwa, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwako huko, chenye askari wapatao 2,500, hadi 270. Lilipoidhinisha 5,500 tarehe 17 Mei, nchi zilichelewa kutoa watu na vifaa, na wengi walifika mauaji yameshakwisha. Dunia ilikuwa na wajibu wa kuingia, na haikuingia.

Hata hivyo, si kila mauaji ya watu wengi ni ya kimbari. Lazima pawepo nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Kundi la kisiasa halimo katika mkataba, ingawa kuwaua watu wake kunaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Uchochezi wa hadharani ni kosa peke yake, hata asipouawa mtu. Mahakama ya Arusha, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mauaji ya Rwanda, ilimhukumu mhariri wa gazeti la huko, Hassan Ngeze, kifungo cha maisha mwaka 2003. Rufaa ikakifanya miaka 35. Kwa hiyo msiseme "nimesambaza tu".

Aliye na picha au video ya ushahidi asiikate wala kuiwekea maandishi. Ihifadhiwe faili la asili ndani ya simu iliyorekodi, kwa sababu kuituma kwa WhatsApp huipunguza ubora na kufuta taarifa za tarehe na mahali. Andika pembeni siku, saa, mahali na nani alirekodi. Nakala moja iwekwe kwengine. Nyuso za wahanga zisitangazwe. Mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa kwa Mwendesha Mashitaka wa Mahakama ya Jinai, bila ya wakili na bila ya ada.